Mikahawa ya Kibirizi

Mtu wa pwani akisema mkahawa, sikio husikia kahawa ndani ya neno, na ndimo lilimotoka. Kibirizi, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, mkahawa huo hunywewa chai zaidi. Bati nne, benchi, sufuria juu ya mafiga, maandazi chini ya kitambaa, na migebuka ya kukaanga ikiwa ziwa limetoa. Watu hawasemi mkahawa. Husema "kwa Mama Fulani". Mama akihama au akifariki, jina la kibanda huondoka naye. Hii ndiyo sababu mikahawa ya Kibirizi haina tarehe katika vitabu: hufunguliwa bila hotuba na kufungwa bila tangazo.

Desturi ya kukaa pamoja kwa kikombe na mazungumzo ni ya zamani katika mwambao huu. Misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilikwisha kuifanya Ujiji mji wa biashara kabla ya Burton na Speke kuingia hapo Februari 1858. Kiswahili kilikuja kwa njia hiyo, na baraza pamoja nacho. Wapenda mashairi hupenda kuikumbuka njia hiyo kwa lugha yake. Ni haki wakumbuke pia kwamba ndiyo iliyopitisha pembe na watumwa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara iliihama Ujiji, na Kibirizi ikabaki na kazi yake ya samaki na mitumbwi.

Kazi hiyo ina kungoja kwingi. Boti za abiria ziendazo kaskazini, Mtanga, Gombe, Mwamgongo hadi Kagunga mpakani mwa Burundi, huondoka Kibirizi zikishajaa, si saa ikigonga. Mwenye gunia la unga, mwalimu arudiye kituoni kwake, mgeni aendaye kuwatazama sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, wote huketi benchi moja, kwa kuwa boti ni moja. Kibanda cha chai kiliishi kwa kungoja huko. Hakuna aliyekwenda Kibirizi kwa ajili ya chai. Walikwenda kwa ajili ya safari, na chai ikawapa mazungumzo.

Lakini bwana mkubwa wa vibanda hivi alikuwa mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: karabai zamani, na siku hizi taa za betri. Mwanga huwavuta juu, wavu ukawakusanya. Mwezi unapopevuka, ziwa zima huwa na taa moja ambayo mvuvi hawezi kuizima, naye hubaki nchi kavu akishona nyavu. Siku za giza mvuvi hulipa. Siku za mbalamwezi hukopa. Kati ya mvuvi na mama ntilie kulikuwa na daftari la shule lenye majina na vikombe, maandazi mawili, chai moja, wali wa jana. Pwani wanajivunia miswada ya tenzi, na wana haki. Lakini daftari hilo nalo lilikuwa maandishi yenye vina vyake, kwani kila mwezi ulirudia ubeti uleule: deni, giza, malipo.

Tarehe 15 Mei 2024 ubeti huo ulikatika. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi haukuwa wa kijinga. Samaki wamepungua kweli, wala kosa si la mvuvi peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vyema na ya chini, na chakula cha samaki hakipandi. Ila katika hesabu za samaki, nyavu na boti, daftari la chai halikuwa na safu yake. Mama ntilie huweza kukopesha wiki mbili za mbalamwezi, maana anaujua mwisho wake kwa kutazama juu. Miezi mitatu ni vipindi vitatu vya giza vilivyopita bila malipo, na unga, sukari na mkaa hununuliwa kwa fedha taslimu.

Wapo wanaoililia Liemba, na wana sababu. Meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 na kusafiri hadi 2018, inastahili machozi. Mei 2015 iliwabeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Mwaka 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa kuikarabati. Chuma kina mafundi na waandishi wake.

Kibanda kikifungwa, bati huvuliwa na kupigiliwa kwingine, benchi huhamia uani kwa mtu. Daftari halitunzwi popote. Likijaa, kurasa zake huchanwa moja moja, na majina ya wadaiwa hufungiwa karanga za abiria wa Kagunga.