Uhuru, Malindi na nyota zinazotanuka na kujikaza

Leo naweka programu zangu kando kidogo.

Huku kwetu Mwatate, usiku wa Mei usio na mwezi, doa hafifu upande wa kusini ni Omega Centauri: tufe la mamilioni ya nyota zinazovutana. Je, mbona haliporomoki?

Mwaka 1968 Lynden-Bell na Wood walionyesha kwamba kiini cha tufe la nyota kikipoteza nishati hujikaza na kuzidi joto. Nyota pacha ndizo hukiokoa: huzirusha jirani zao kwa kasi, kiini kikatanuka, kisha kikajikaza tena.

Satelaiti Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, ilinasa eksirei kali kutoka baadhi ya matufe, dalili kwamba nyota za humo hubanana hadi kushikana jozi.

Kuthibitisha mtanuko huo kulidai kompyuta. Nyota 32,768 ni jozi zaidi ya milioni 536! Makino wa Japani alitumia mashine maalumu, GRAPE-4, akafaulu mwaka 1996.

Nawashauri wanaprogramu wenzangu: anzeni na nyota 1,000.