Sauti Nyembamba Si Sauti ya Kike: Morogoro na Uchaguzi wa Nyimbo za Karaoke

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuipambanua sauti ya binadamu. Tunayo sauti nene na nyembamba, nzito na nyepesi, nyororo na ya mikwaruzo. Taabu huanza pale sifa inapogeuzwa hukumu. Mwanamume mwenye sauti nyembamba huambiwa ana "sauti ya kike", na tangu siku hiyo hujitahidi kuiteremsha, kana kwamba koo ni ndoo ya kushushwa kisimani. Nimewasikia vijana wengi wa Morogoro wakifanya hivyo usiku wa karaoke: wanachagua wimbo wa mwenye sauti nzito, wanaguguma kwenye beti, na kiitikio kinawashinda. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba hukumu hiyo haina mashiko katika historia yetu, na kwamba mji ulio chini ya milima ya Uluguru ndio shahidi wa kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Karaoke ni neno la Kijapani, maana yake orkestra tupu: muziki upo, mwimbaji hayupo, nafasi yake ni yako. Daisuke Inoue, mwanamuziki wa mji wa Kobe, aliunda mashine yake ya kwanza ya kazi hiyo mwaka 1971. Mwaka mmoja kabla, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikuwa amepanda jukwaani Osaka, mji jirani na Kobe, katika maonyesho makubwa ya Expo 70. Sidai kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Nayataja kwa sababu karaoke huonekana kwetu kama mgeni wa juzi, hali sauti iliyotoka Morogoro ilikwisha kubisha hodi kwenye ujirani wake kabla hajazaliwa.

Kabla ya kipaza sauti, sauti ya juu ilikuwa na kazi. Manju wa ngoma hakuwa na umeme. Alitakiwa asikike juu ya ngoma, makofi na vigelegele, na sauti nzito humezwa na ngoma kwa kuwa zote mbili hukaa chini. Anayekwea njia za Mgeta au Matombo ataielewa hoja hii bila mwalimu: anayemwita mwenziwe ng'ambo ya bonde hapigi besi, huipandisha sauti mpaka ipasue hewa. Kwaya za makanisa nazo zikaipa sauti hiyo namba. Katika hesabu ya waimbaji wetu, sauti ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Sauti ya tatu, ile ya juu ya kiume, haikuhesabiwa kuwa ya kuazima kwa mtu.

Kisha zikaja santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, uliojaa muziki wa Kyuba, ukauzwa katika miji mingi ya Afrika. Katika uimbaji wa son, wanaume wawili hugawana mstari mmoja: mmoja hushika sauti ya kwanza, iliyo juu, mwingine humfuata kwa sauti ya pili, chini kidogo. Anayebeba wimbo ni yule wa juu.

Salum Abdallah aliusikia muziki huo Morogoro. Alizaliwa mwaka 1928, mama Mluguru na baba Mwarabu. Mwaka 1948 alianzisha kundi la La Paloma, akalipa jina la wimbo mashuhuri wa Kihispania. Baadaye jina lililodumu likawa Cuban Marimba. Sikiliza nyimbo zake, kama Ngoma Iko Huku. Sauti yake ni nyepesi, inaelea juu ya magitaa bila kuyapigia kelele, na mwenziwe anamfuata kwa chini kama walivyofanya Wakyuba. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi.

Mpinzani wa Cuban Marimba mjini humo alikuwa Morogoro Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alijiunga nayo katikati ya miaka ya sitini, akaondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Wengi humsifu kwa gitaa la solo, na ni haki. Lakini mtu akijaribu kuimba Shida kwa sauti ya kifuani atagundua kwamba wimbo ule hautaki misuli. Wataka sauti ya wazi inayolalamika bila kulia. Mji mmoja, bendi mbili, wapenzi wa muziki wamegawanyika pande mbili. Na pande zote mbili zilifuata wanaume ambao hawakuona haya kuimba juu.

Wala Morogoro haikuwa peke yake. Kongo ilikuwa na Tabu Ley Rochereau, ambaye sauti yake nyembamba ilifika jukwaa la Olympia, Paris, mwaka 1970. Mombasa ilikuwa na Juma Bhalo, aliyeimba taarabu kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, ambako Mohammed Rafi alikwisha kuizoesha dunia sauti ya kiume ya juu. Malenga wenzangu wakumbuke kwamba mashairi mengi ya Juma Bhalo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Diwani lile ni la vina na mizani iliyokamilika, na mtunzi wake hakuona kwamba sauti ya juu itayapunguzia mashairi yake uzito.

Hapa lugha yenyewe inaingia. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtungaji mzuri huipandisha sauti kwenye silabi hiyo, kisha huishusha kwenye kina. Mwimbaji wa sauti nyembamba hupata nafasi mbili za kupumua katika kila mstari, mradi asiuvute mkazo mpaka silabi ya mwisho kama wafanyavyo wanaoiga Kiingereza. Nami nimeona kwamba irabu si sawa zinapofika juu: kina cha "a" hufungua kinywa, kina cha "i" hubana. Kabla ya kuchagua wimbo, usome kama shairi. Utafute neno lililoko kwenye kilele chake, uitazame irabu yake.

Kwa hiyo, mwenye sauti ya juu achague vipi? Kwanza, asiupime wimbo kwa beti bali kwa kiitikio, kwani huko ndiko sauti hufika mwisho wake. Pili, asione aibu kuomba ufunguo ubadilishwe. Mashine nyingi za karaoke hupandisha na kuteremsha kii kwa kubonyeza tu. Anayeimba wimbo wa mwenye sauti nzito na aupandishe, asijishushe yeye. Tatu, asizikimbie nyimbo za wanawake. Nyingi zikiteremshwa hatua mbili tatu humkaa kama kanzu iliyokatwa na fundi wake. Nne, aanze na wa kwetu: Salum, Mbaraka, na kwa vijana wa leo Ali Kiba, ambaye sauti yake laini imewafungulia mlango wengi walioambiwa wanyamaze.

Lakini shauri la nne lina kikwazo. Katika mashine nilizozikuta Morogoro, nyimbo za Kiingereza zimejaa, bongo fleva ipo kiasi, na muziki wa dansi ni kama haupo. Mwenye mashine hana chuki na Salum Abdallah, huweka kinachoombwa. Kijana asiyejua kwamba mji wake ulijengewa sifa na sauti kama yake hawezi kuomba. Asipoomba, muziki mtupu wa nyimbo zile hautatengenezwa, na usipotengenezwa, kijana wa baada yake hatakuwa hata na orodha ya kusoma. Hivyo ndivyo urithi upoteavyo: haupigwi marufuku na mtu, hukosa tu wa kuuitikia.

Wewe unayesoma haya, ikiwa sauti yako ni nyembamba, usimwachie mtu akuitie jina la kukutahayarisha. Jina unalo: ni mwimbaji wa sauti ya tatu. Siku utakapopewa kipaza sauti, uliza kama wana wimbo wa Cuban Marimba. Wakisema hawana, uliza tena wiki ijayo.