Maboyi wa Elisabethville waliandika. Sisi wa Ituri tunangoja nini?



Kwenye mkutano wetu uliopita, mdogo mmoja wa mwaka wa pili alinifuata inje akaniuliza: « Yaya, unasema tuandike, lakini mimi nimekulia tu hapa Bunia. Nitaandika nini? Hapa hakuna kitu. » Nilicheka, kisha nikanyamaza, juu na mimi nilikuwa nikisema vile vile miaka mingi. Nilifikiri mwandishi ni mtu wa Paris ao wa Kinshasa, mtu aliyekula vitabu toka utoto. Sisi wa mihogo na maharagi, kazi yetu ni kupima mashamba.

Leo ninataka kumjibu, na jibu nitalitoa kusini mwa inchi yetu, kule Katanga.

Mji wa Elisabethville, ambao leo tunaita Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na ilihitaji mikono. Watu wakatoka Kasai, Rwanda, Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili njo kikawa lugha ya kazi, ya kambi na ya soko. Hakikuwa Kiswahili cha Zanzibar. Kilikuwa Kiswahili cha Kongo, ndugu wa hiki tunachosema hapa kwetu, kile wengine wanakicheka wakisema kimevunjika.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1965, katika mji huo, mtu mmoja anayeitwa André Yav aliandika historia ya mji kwa mashini, kwa jina la watu waliokuwa watumishi wa nyumbani mwa wazungu. Maboyi na wapishi. Watu waliopasi mashati, waliopika supu, waliosimama nyuma ya kiti wakati bwana anakula. Kitabu chao kinaitwa « Vocabulaire de ville de Elisabethville ». Ukisikia jina utafikiri ni kamusi. Hapana. Ni historia: wakati wa mfalme Leopold II, namna mji ulianza, Union Minière, vita, kazi, mishahara, na majina ambayo watu weusi waliwapa mabwana wao.

Na kimeandikwa kwa Kiswahili cha kwao. Herufi zinaenda namna mkono ulitaka: neno moja limekatwa mbili, maneno matatu yameunganishwa moja. Miaka na majina mengine hayalingani na vitabu vya wazungu. Mwalimu wa grama angejaza kalamu nyekundu toka ukurasa wa kwanza.

Lakini nakala ilibaki, ikafika kwa watafiti. Mmoja wao ni Johannes Fabian, profesa wa Amsterdam aliyekuwa amefanya kazi Katanga. Kuisoma kwa macho tu kulimshinda. Ilibidi msaidizi wake, Kalundi Mango, aisome kwa sauti mbele ya mashini ya kurekodi, kama mtu anayesimulia, ndiyo maneno yakajulikana mwanzo na mwisho wao. Mwaka 1990 maandishi yale yakatoka katika kitabu, pamoja na tafsiri na maelezo. Leo watu wa vyuo vikubwa vya dunia wanayasoma juu wanataka kujua maboyi wa Katanga walifikiri nini. Mabwana waliokula ile supu, wengi wao hatujui hata walizikwa wapi.

Na si Yav peke yake. Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, alikuwa akipiga gitaa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, wakati Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Aliimba kwa Kiswahili cha kwao, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki na Kusini wakajifunza kwake. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi hiyohiyo mwaka 1941, akafika kuwa profesa Marekani, akafariki huko mwaka 2025. Alipoandika maisha yake katika kitabu cha mwaka 1994, kwenye jina la kitabu aliweka neno « bustani »: bustani ya Kiafrika iliyolimwa namna ya watawa Wabenedikto, waliomlea ujanani. Sisi wa agronomia tungepaswa kumpenda kwa neno hilo tu. Na Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, anaishi Austria, lakini alipotoa « Tram 83 » mwaka 2014 alirudi kwenye mji wa machimbo, baa, treni na wanafunzi wasio na pesa. Hakuna aliyengoja kwao kuwe pazuri kwanza.

Sasa turudi kwetu. Katanga walikuwa na shaba, sisi tulikuwa na dhahabu. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903. Mashini ya Kilo-Moto ilikula mikono ya wababu zetu kama vile shaba ilikula kule. Watu waliletwa kutoka mbali, wakachanganyika, wakaanza kusema Kiswahili. Tulikuwa na mashamba ya kahawa ya wakoloni, tulikuwa na kituo cha utafiti cha Nioka, kwanza cha INEAC, sasa cha INERA. Kila bwana wa hapa alikuwa na boyi na mpishi. « Vocabulaire » yetu iko wapi?

Ninajua moja ilikuwa wapi. Koko yangu alikuwa kapita wa kazi ya shamba zamani. Alikuwa na kaye mbili za shule, ameandika kwa kalamu ya risasi: siku mvua ilianza, bei ya maharagi, nani alikufa, bwana fulani alimpiga nani na kwa sababu gani, mbegu gani ililetwa ikakataa kuota. Nilipokuwa ninafanya memwari yangu ya lisansi, nilikwenda kwake kumuuliza juu ya mavuno tu. Akaniletea zile kaye. Nilizifungua, nikaona Kiswahili kimepinda pinda, hakuna meza ya tarakimu, hakuna kilo kwa hekta. Nikasema: « Koko, asante, lakini hii profesa hatakubali. » Akazifunga polepole akazirudisha kwenye sanduku. Katika memwari yangu nilitaja waandishi wa Ubelgiji. Yeye sikumtaja.

Mwaka 2018 vita vilipowaka Djugu, nyumba ilichomwa. Koko alifika Bunia na nguo za mwilini. Hakuishi hata mwaka. Kwenye matanga watu walisimulia mambo yake, lakini kila mmoja alikuwa na kipande tu, na vipande vingine vilipingana. Mimi mwenye lisansi sikuweza kumsahihisha mtu yeyote.

Ndiyo maana ninaandika haya. Yav na wenzake walitushinda kwa mambo mawili. Kwanza, hawakungoja Kiswahili chao kinyooke. Pili, walipiga maandishi kwa mashini, na nakala ikatoka mikononi mwao. Kaye moja katika sanduku moja ni moto mmoja tu. Sisi leo kila mmoja ana simu: picha ya ukurasa ni bure, na kumrekodi mzee dakika ishirini hakuhitaji ruhusa ya profesa.

Katika kambi za wakimbizi hapa Bunia kuna wazee waliofanya kazi Kilo-Moto, wamama waliouza samaki wa Kasenyi, watu waliopanda kahawa ya mzungu halafu wakaiona ikirudi pori. Ninaomba kila mwanachama aje kwenye mkutano ujao na ukurasa mmoja wa mzee mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, bila kumnyoosha. Tutaweka nakala tatu, sehemu tatu.

Na wewe mdogo wangu uliyeniuliza, mama yako mkubwa bado yuko. Nilimuona Jumapili sokoni. Anza kwake.