Ziwa Tanganyika na Biashara ya Dunia: Tarikhi ya Vyombo vya Ujiji na Kigoma

Tarikhi ya merikebu na biashara ya dunia husimuliwa aghalabu na watu wa bandari kubwa, nao huianzia penye maji ya chumvi na kuikomesha papo hapo, kana kwamba shehena haina safari nyingine ikisha kushuka gatini. Sisi wa nchi ya Kigoma, ambao mawese ya Simbo na ya vijiji jirani huyapeleka Ujiji, na nguo zilizofumwa ng'ambo tukazinunua huko huko, twaijua safari ile iliyobaki, na kwa rai yangu ndiyo yenye taabu na yenye mafunzo. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya mataifa, zikipimwa kwa wingi wake, hupita majini. Lakini gharama na usumbufu wake hukaa zaidi pale zinapobadilisha chombo, kutoka jahazini kwenda begani kwa mpagazi, kutoka katika behewa kwenda melini, na kutoka melini kwenda mtumbwini.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipowasili Ujiji mwezi wa Februari 1858, walilikuta gulio ambalo tayari lilikuwa na ukoo na miji ya mbali. Merikani iliyovaliwa pale ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikavushwa bahari kuu mbili mpaka Unguja, kisha ikafungwa mitumba ya frasila mbili hivi na kupagazwa Wanyamwezi kwa miezi kadhaa. Ushanga, ambao kwa sehemu kubwa ulitengenezwa Venice, ndio uliotumika kama fedha. Miaka ile ya 1870 na baadaye, aina iliyoitwa sofi, yenye umbo la vipande vya mrija wa kiko, ndiyo iliyonunua samaki, chumvi ya Uvinza na mafuta ya mawese. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia ile ile, na nyingi ziliishia Connecticut, zikakatwa kuwa vibonyezo vya piano. Pamoja nazo, tena katika njia hiyo hiyo, walipelekwa pwani watumwa kutoka Manyema na nchi za jirani, wanadamu waliohesabiwa pamoja na bidhaa, na hakuna hesabu ya faida ya soko lile iwezayo kusomwa kwa haki bila ya kuwataja.

Chombo ndicho kilichokuwa adimu. Speke alilazimika kuvuka ziwa kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge ili kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishie jahazi lake, akarudi mikono mitupu.

Ujiji haikunyang'anywa heshima yake na Wazungu peke yao. Mnamo 1878 maji ya ziwa yalizibomoa takataka zilizokuwa zimeuziba mto Lukuga, ambao huyatoa kuelekea Kongo, na katika miaka kumi na sita hivi iliyofuata kina cha ziwa kilishuka kadiri ya mita kumi. Ufuo wa Ujiji, ambao asili yake ni wa mteremko mdogo, ukayakimbia maji. Ndiyo maana mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 leo pako mbali na mawimbi. Ghuba ya Kigoma, yenye kina na iliyokingwa na vilima, ikawa ndiyo bandari ya kutegemewa, na reli ilipotoka Dar es Salaam na kukata kilomita 1,250 hivi, ilikomea hapo mwezi wa Februari 1914.

Wamisionari wa London Missionary Society walikwisha kuiteremsha meli yao ya mvuke, Good News, mwaka 1885, baada ya kuipitisha vipande vipande Zambezi na Nyasa. Lakini kazi iliyopita zote ni ile ya meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen. Iliundwa katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, mabamba yakaunganishwa kwa muda ili kuhakikisha kwamba kila tundu limeoana na mwenzake, kisha ikafumuliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakiwa merikebuni Hamburg na kushushwa Dar es Salaam. Mafundi watatu waliofuatana nayo, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na wafanyakazi wengi wenyeji ambao majina yao hayakupewa nafasi katika vitabu, waliiunga upya Kigoma kwa ribiti zilizochomwa mpaka zikawa nyekundu na kupigwa nyundo moja moja, hata ikaelea tarehe 5 Februari 1915. Fikiri, msomaji: meli ya urefu wa mita 71 hivi ilisafiri kwanza yenyewe ikiwa shehena, baharini na relini, kabla haijachukua shehena ya mtu yeyote.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikawakuta. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, walipokuwa wakiiacha Kigoma, waliizamisha meli hiyo kwa mikono yao karibu na mlango wa Malagarasi; lakini mafundi wale wale waliipaka mitambo mafuta mazito kwanza, na kwa sababu hiyo Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta ingali na uhai. Mwezi wa Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Baada ya vita hivyo Mwingereza, aliyeishika Tanganyika mahali pa Mjerumani, alimpa Mbelgiji, kwa mapatano ya mwaka 1921, viwanja vya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka na kwa muda usio na mwisho, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ya kutozwa ushuru. Mwishoni mwa 1961 Mwalimu Nyerere aliwaambia wabunge kwamba aliyeishika nchi kwa dhamana ya muda hakuwa na uwezo wa kutoa haki ya milele juu yake. Hoja hiyo husomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria za mataifa, nami naiona ni miongoni mwa hoja safi zilizopata kutolewa juu ya gati.

Mbali na ziwa hili, upakiaji wenyewe ulikuwa umeanza kubadilika: mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 katika meli Ideal-X, kutoka Newark kwenda Houston, na kwa hesabu inayonukuliwa mara nyingi gharama ya kupakia tani moja ilianguka kutoka dola 5.86 mpaka senti 16. Neema hiyo, hata hivyo, huenda na winchi: mahali pasipo na winchi, inakoma. Katika mwalo wa Kibirizi maboti ya mbao yaendayo Kongo na Burundi hupakiwa na makuli, gunia kwa gunia, mtu akikanyaga ubao mwembamba na saruji kichwani. Na Liemba, kwa miaka mingi katika safari zake za Mpulungu, Zambia, ilitia nanga mbali na vijiji visivyo na gati, ikapiga honi, na mitumbwi ikaizunguka usiku ili mama mwenye magunia ya dagaa ayakabidhi kwa mikono ya watu asiowaona. Kwa mfanyabiashara wa namna hiyo gati dogo la kijijini lina manufaa makubwa kuliko meli mpya, kwa kuwa gunia linaloangukia majini wakati wa kupokezana hubakia hasara yake peke yake.