Sura ya Mtu Mashuhuri ni Kazi ya Nani?

Mwaka 1903 mchoraji Fedor Encke alikuwa akimchora J. P. Morgan, mwenye benki aliyeogopwa kuliko wote jijini New York. Morgan hakuwa na subira ya kukaa mbele ya mchoraji, hivyo ikahitajika picha ya kamera. Kazi hiyo akapewa Edward Steichen, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 25. Kabla tajiri hajafika, Steichen alimkalisha mhudumu wa jengo kwenye kiti kilekile, akapanga mwanga na kamera hadi akaridhika. Morgan alipoingia, shughuli nzima ilikwisha kwa dakika chache.

Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilifuata mkao alioutaka Morgan, na Steichen akaisafisha kwa uangalifu, hasa pua iliyoharibiwa na maradhi. Kwa ya pili alimwomba ageuze kichwa. Morgan akakereka, akajisogezasogeza, kisha akarudi palepale alipokuwa. Ila sasa kichwa kimeinuka na macho yamewaka. Mkono wake wa kushoto umeshika mkono wa kiti uliong'aa kwa mwanga, na watazamaji wengi wameona hapo jambia. Morgan aliichukia picha hiyo, akaichana. Baadaye alitaka kuinunua nakala yake kwa dola 5,000, lakini mpiga picha Alfred Stieglitz, aliyekuwa nayo, hakukubali kuiuza.

Kisa hiki kinapinga dhana kwamba picha za watu mashuhuri zilikuwa njia yao tu ya kujitukuza. Ile iliyompendeza Morgan leo inakumbukwa na wachache. Iliyodumu ni ile iliyomponyoka.

Kabla ya hapo sheria ilikuwa imekwisha kutambua kwamba picha inaweza kuwa kazi ya mpiga picha. Mwaka 1882 mpiga picha Napoleon Sarony alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde mjini New York, na kampuni moja ya uchapaji ikanakili mojawapo bila idhini. Ilijitetea kwamba picha ni zao la mashine, haina mtunzi. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja hiyo: Sarony ndiye aliyepanga mkao, mavazi, mapazia na mwanga, kwa hiyo ni mtunzi.

Hata hivyo, ni kosa kumwona mpiga picha kama mshindi daima. Teknolojia ya kuchapa picha pamoja na maandishi ilipoenea, magazeti na majarida yakawa na nguvu kubwa juu ya sura zipi umma uzione. Mwaka 1923 mchapishaji Condé Nast alimwajiri Steichen kuwa mpiga picha mkuu wa majarida ya Vogue na Vanity Fair, na kuanzia hapo alipiga picha kwa mahitaji ya mwajiri.

Ndani ya mipaka hiyo alitoa mojawapo ya kazi zake bora. Mwaka 1924, mwisho wa kikao kirefu na Gloria Swanson, nyota wa filamu zisizo na sauti, alining'iniza kitambaa cheusi cha lesi mbele ya uso wake. Swanson hakuhitaji maelezo. Aliitambua nia ya Steichen mara moja, akakaza macho kama anayevizia windo. Tofauti na Morgan, alishiriki kwa hiari na kwa ustadi wake. Picha hiyo ni kazi ya wawili, na kuiandika kwa jina la Swanson peke yake ni kumnyima Steichen haki ambayo mahakama ilimpa Sarony.