Gemu za Mtandaoni Zilianza na Watu Wazima

Ukimwona mtu wa makamo ameinamia simu akipanga peremende za rangi, ni rahisi kudhani utoto umemrudia. Lakini katika gemu za mtandaoni watu wazima ndio wenyeji. Watoto ni wageni waliofika baadaye.

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, kisha mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Ulisoma maelezo ya msitu au pango, ukachapa amri ya kwenda kaskazini au kuokota upanga, na pale pale ukakutana na mchezaji mwingine aliyeketi mbele ya kompyuta nyingine kabisa. Mchana mashine ya chuo ilikuwa na kazi zake, hivyo watu wa nje, walioingia kwa laini ya simu, waliachiwa usiku wa manane. Kukesha hivyo, na bili ya simu ikikungoja, hakukuwa jambo rahisi kwa mtoto wa shule.

Marekani mambo yalikuwa ghali zaidi. Mwaka 1985 mtandao wa CompuServe ulileta Islands of Kesmai, na aliyetaka kasi ya juu alitozwa dola 12 kwa saa. Mwaka 1997 Ultima Online ikaja na ada ya mwezi, na mtu akaweza kucheza bila kutazama saa ukutani. World of Warcraft, iliyotoka 2004, ilivuka wateja milioni 12 mwaka 2010.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, mapinduzi yenyewe yaliletwa na shamba. FarmVille iliingia Facebook mwaka 2009 na kuwanasa mama wa nyumbani, makarani na wastaafu, wengi wao wasiojiita wachezaji hata leo. Hakukuwa na haja ya kukesha: ulipanda, ukarudi kazini, ukavuna jioni. Ulipochelewa, mazao yalinyauka.

Candy Crush Saga ikafuata mwaka 2012, ikahamia kwenye simu mwaka huo huo. Kucheza ni bure, ila ukimaliza maisha matano unangoja nusu saa upate moja, au unanunua. Mchezaji wa CompuServe alilipia muda wa kucheza. Huyu wa leo analipa ili asisubiri, na mwenye mshahara lakini hana nafasi ndiye mteja anayewindwa.