Tarikhi ya Viraka vya Kerneli, Kama Ilivyotufikia Mambrui

Mtu aliyelelewa Mambrui, mji ulio kaskazini ya mlango wa Mto Sabaki, ambako kila masika maji ya bahari hugeuka rangi ya udongo, hahitaji kwenda chuoni kufundishwa kwamba chombo hakimaliziki kuundwa siku kinaposhuliwa. Kwani tangu utoto amewaona mafundi wa kalafati wakiilaza mashua pwani, wakishindilia pamba iliyorowa mafuta katika nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, kisha wakaipaka deheni ya shahamu na chokaa, na haupiti muda mrefu ila kazi ile ile hurudiwa. Nimeyatanguliza haya kwa sababu ufundi ninaokusudia kuueleza, yaani kutia viraka katika kerneli ya mfumo endeshi na kuikompaili upya ili mashine moja ya chuma ibebe mashine nyingi zisizo na chuma, una udugu na ukalafati zaidi kuliko na sayansi ile iliyofanyika jirani yetu Ngomeni, ambako Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio, baina ya mwaka 1967 na 1988, walirusha roketi kutoka majukwaa yao ya San Marco baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakarusha setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Setilaiti ile ikisha kuruka hakukuwa na fundi awezaye kuifuata na nyundo. Kerneli hufuatwa kila siku.

Kerneli ni kile kiini kinachokaa baina ya programu na chuma, kikigawa kumbukumbu, kikipanga zamu za prosesa, na kuizuia programu moja isiingie katika milki ya nyingine. Ni nahodha, na hakuna baharia agusaye usukani bighairi ya idhini yake. Taabu ya mashine pepe, yaani hizo zisizo na chuma, ni kwamba katika chombo kimoja hupandishwa manahodha wawili, watatu, au kumi, na kila mmoja amezoea kushika usukani peke yake. Kampuni ya IBM iliitatua taabu hiyo mapema, kwani katika miaka ya 1960 wataalamu wake wa Cambridge, Massachusetts, waliunda CP-40 na baada yake CP-67, mifumo iliyompa kila mtumiaji mashine kamili ya kudhania, na mwezi wa Agosti 1972 ikatangaza VM/370 kwa wateja wake wote. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliiandika sharia ya jambo hilo: kila amri nyeti, ikitamkwa na asiye na madaraka, sharti izuiwe na habari zake zipelekwe kwa msimamizi wa mashine hizo pepe. Lakini prosesa za ukoo wa x86, ambazo ndizo zilizoenea mpaka vijijini, hazikuitimiza sharia hiyo, na mwaka 2000 watafiti John Robin na Cynthia Irvine walihesabu katika Pentium amri 17 zenye ila. Mojawapo ni POPF: kerneli iliyo mgeni, yaani iliyomo ndani ya mashine pepe, ikiitumia ili kuziba masikio isisikie miito ya vifaa, prosesa haikatai wala haipigi kelele; huipuuza tu, na mgeni huendelea na kazi akidhani ametiiwa.

Kwa hiyo kukawa na njia mbili. Kampuni ya VMware, mwaka 1999, ilizitafsiri zile amri zenye ila papo hapo programu ikienda, nayo ilikuwa hikima kubwa, illa ilikuwa hikima ya ndani ya sanduku lililofungwa. Njia ya pili ilikuwa kumwendea nahodha mwenyewe na kumfundisha ugeni, na hili liliwezekana kwa sababu maandishi ya kerneli ya Linux, aliyoitangaza kijana Linus Torvalds wa Helsinki tarehe 25 Agosti 1991, yalikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuyasoma na kuyageuza. Jeff Dike alianza mwaka 1999 kwa kuishona kerneli iweze kuendeshwa kama programu ya kawaida ndani ya kerneli nyingine. Kisha mwaka 2003 kundi la Ian Pratt na Keir Fraser katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, likatoa Xen, ambayo ndani yake zile amri zenye ila ziliondolewa katika kerneli ya mgeni na mahali pake pakawekwa ombi, hata ikawa mgeni, badala ya kuuvamia mlango, hubisha hodi.

Sindano ya ufundi huu ni programu ndogo iitwayo patch, aliyoitoa Larry Wall mwaka 1985. Kiraka chenyewe ni waraka wa maandishi tu: mistari inayoondolewa imetanguliwa na alama ya kutoa, inayoingizwa imetanguliwa na alama ya kujumlisha, na juu yake na chini yake huachwa, aghalabu, mistari mitatu mitatu isiyobadilika, ili sindano itambue mahali pa kushona hata kama maandishi yamesogea. Pasipotambulikana mahali, pande lile hutupwa katika faili lenye mkia wa .rej, na hapo fundi hana budi kushona kwa mkono.

Wenzetu wa Ulaya waliihesabu desturi hii ya kupelekeana viraka kuwa adabu ya ushirikiano, nami sikatai. Lakini kwetu sisi ilikuwa zaidi rehema ya masafa. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, kerneli nzima ya mfululizo wa 2.6, iliyobanwa, ilikuwa na uzito wa kiasi cha megabaiti 40, na kwa modemu ya simu iliyovuta kilobaiti tano kwa sekunde ilihitaji saa mbili na zaidi, lau kama laini haikukatika, nayo hukatika. Bali kiraka cha kutoka toleo moja hadi jingine hakikufika robo ya uzito huo. Aliyekuwa na kerneli moja katika diski alikuwa kama mwenye chombo kikuukuu: hakununua kipya, alikalafati.

Mwaka 2007 mimi na rafiki yangu tuliazimu kuitia Xen katika kompyuta ya Pentium III, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, iliyokuwa katika chumba kinachoelekea barazani. Kiraka cha kwanza kilikataliwa mapande manne, maana kerneli tuliyokuwa nayo ilikwisha kuguswa na mikono mingine kabla yetu, nasi tukayashona kwa mkono mpaka adhuhuri. Kisha tukaanza kuikompaili, mistari ikapanda katika kioo, kila mmoja na herufi mbili CC na jina la faili, saa baada ya saa, hata mzee mmoja, fundi wa kalafati wa zamani, aliyekuja kuketi barazani baada ya sala ya alasiri, akachungulia dirishani na kuuliza, “Mjukuu wangu, chombo hicho bado hakijashuliwa?” Nikamjibu, “Bado, babu, tungali tunaziba nyufa.” Akaridhika na jawabu kuliko watu wengi niliokwisha kuwaeleza jambo hili kwa urefu.

Magharibi umeme ukakatika. Hilo si kubwa, kwani programu ya make, isimamiayo kazi ya kukompaili, huendelea pale ilipoachia: hutazama saa ya kila faili, na lililokompailiwa likiwa jipya kuliko maandishi yake, haligusi. Msiba ulikuwa katika betri ndogo ya saa, iliyokufa bila ya sisi kujua, na umeme uliporudi kompyuta iliamka ikiamini kwamba ni Januari ya mwaka 2002. Maandishi yakiwa ya mwaka 2006, kila kilichotoka mikononi mwake usiku ule kilionekana kikongwe kuliko maandishi yaliyokizaa, mtoto akamtangulia mzazi. Na umeme ulipokatika mara ya pili na kurudi, make ikayahukumu yote hayo kuwa yamepitwa na wakati, ikayaanza upya bila huruma. Tuliitambua sababu karibu na alfajiri, hali kazi ya mwisho imekwisha kushika njia, tukaogopa kuigusa saa.

Kufikia hapo ufundi wenyewe ulikuwa umekwisha kuanza kuondoka, wala sisi hatukuwa na habari. Intel mwezi wa Novemba 2005, na AMD mwaka 2006, walitoa prosesa zenye kumtambua mgeni katika chuma chenyewe. Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet akatangaza KVM, iliyozitegemea prosesa hizo, Oktoba 2006, na Februari 2007 ikawa imo katika kerneli 2.6.20 ya watu wote, haina haja ya kiraka. Xen ilisubiri: upande wa mgeni ulipokelewa mwaka 2007, na upande wa mwenyeji haukukamilika mpaka kerneli 3.0 ya mwaka 2011. Wako wasemao KVM ilishinda kwa ubora wake. Fikira yangu ni kwamba ilishinda kwa sababu iliomba kidogo. Ilikuja kama mgeni apangaye chumba katika nyumba iliyokwisha kujengwa, hali Xen ilimtaka mwenye nyumba ahamie uani. Hata hivyo biashara kubwa ya kwanza ilikuwa ya Xen, nayo iliundwa barani kwetu, kwani kundi la Chris Pinkham lilipoiunda EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha mashine pepe, iliyofunguliwa Agosti 2006, lilikuwa limeketi Cape Town.

Kerneli huruhusu fundi aongeze neno lake mwishoni mwa jina la toleo, nasi yetu tuliiita 2.6.18-mambrui. Kompyuta ile ingalipo, na mwaka jana niliiwasha nikaiuliza jina na siku ya kuzaliwa. Ikajibu kwamba imekompailiwa Januari 2002, miaka minne na zaidi kabla ya Torvalds kuitoa 2.6.18 yenyewe, Septemba 2006.